Mkutano wa Watunzaji wa Mawe



Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili lawahusu wenye maduka. Lawahusu vile vile wanaotunza mawe katika majumba ya makumbusho.

Katika mwaka wa 1948 Bibi Mary Leakey alivumbua katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, fuvu la Proconsul, mnyama wa kale sana wa jamii ya sokwe. Fuvu hilo lilipelekwa Uingereza kuchunguzwa, likakaa huko miaka mingi, hata pakazuka ubishi: je, lilitolewa zawadi au liliazimwa? Barua zilizohifadhiwa Nairobi ndizo zilizokata shauri, liliazimwa. Katika mwaka wa 1982 fuvu likarudi Kenya. Lau karatasi zile zingalitupwa, haki ya nchi ingalipotea pamoja nazo.

Mtunzaji wa mawe mara nyingi hufanya kazi peke yake. Wenzake hutunza ndege, nguo au sanamu, wala hawana habari ya pairaiti. Madini haya ya chuma na salfa yakipatwa na hewa yenye unyevu huoza, yakatoa asidi inayokula mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na kikaratasi chenye maelezo, na hata sanduku. Kwa sababu ya upweke huo na hasara hizo, watunzaji wa Uingereza walikutana mjini Leicester katika mwaka wa 1974 wakaunda chama chao. Katika mwaka wa 1981 Bwana Philip Doughty, wa Makumbusho ya Ulster mjini Belfast, alitoa taarifa iliyoonyesha jinsi mikusanyo mingi ilivyokuwa imeachwa bila mtaalamu wala matunzo.

Basi, mkutano wa watu hawa huandaliwaje? Kwanza, lichaguliwe jambo moja tu, kama unyevu au uandikaji wa daftari. Pili, mahali pawe makumbusho yenye ghala ya mawe, na mwenyeji asione haya kufungua kabati lenye vitu vilivyoharibika, kwa maana hapo ndipo penye mafunzo. Tatu, hotuba ziwe fupi, na alasiri iwe ya kazi ya mikono. Nne, mialiko ipelekwe mapema, kwa kuwa mtunzaji wa makumbusho ndogo hana budi kumwomba mkubwa wake ruhusa na nauli. Mwisho, yaliyosemwa yachapishwe, ili asiyeweza kufika naye afaidike.

Mkutano wa namna hii haupimwi kwa wingi wa shukrani zilizotolewa siku ya kuagana. Mgeni akirudi kwake, akafungua kabati moja na kulinganisha kila jiwe na daftari lake, hapo ndipo mkutano umefaulu.