Kukagua Umeme wa Nyumba ya Zamani kwa Macho Kabla ya Kuinunua

Mada kwa semina ya wanunuzi wa nyumba, Tanga



Mnunuzi wa nyumba hapa kwetu hukagua msingi, bati, hati na mipaka ya kiwanja. Akifika kwenye umeme anabonyeza swichi. Taa ikiwaka, anahesabu kazi imekwisha. Taa kuwaka kunathibitisha jambo moja tu, kwamba umeme unafika. Hakumwambii utapita wapi siku waya ya moto itakapogusa bodi ya friji na mtoto akaishika. Rai yangu ni kwamba macho ya mnunuzi, yakijua pa kutazama, yanatosha kuikataa nyumba au kushusha bei yake. Kuikubali ni kazi ya vipimo.

Anzeni nje, kwenye nondo ya ethi. Nyumba nyingi hutegemea nondo iliyopigiliwa ardhini karibu na ukuta, na waya inayotoka hapo hadi kwenye mein swichi. Itafuteni. Mara nyingi waya imekatwa, kwa kuwa shaba ina soko kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Au kibano kimeliwa na chumvi ya bahari hata ukikigusa kinachezacheza. Na hata nondo iliyopo haitoshi kututuliza. Chukua umeme wetu wa volti 230, na nondo iliyoshika udongo vibaya, ukinzani wake omu 20. Friji ikivuja, umeme utakaopita kwenda ardhini ni ampea 11.5. Fyuzi ya ampea 15 haitakatika kwa kiasi hicho. Friji itaendelea kuwaka na bodi yake itakaa na umeme, ikimsubiri mtu mwenye miguu mibichi.

Ndiyo maana jambo la pili ni kutafuta, kwenye mein swichi, kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hicho hukata umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30, na kinatambulika kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Mwombe mwenye nyumba akibonyeze mbele yako. Umeme usipokatika, kifaa kimekufa. Nyumba nyingi za zamani hazina kabisa, na gharama ya kukifunga iingie kwenye mazungumzo ya bei tangu siku hiyo.

Kwenye nyumba ambazo bado zina fyuzi za kusokota waya, mwombe fundi azime mein swichi na azitoe moja moja. Waya halali ya fyuzi ya ampea 15 ina unene wa kama nusu milimita. Mkiona mahali pake pamesokotwa waya nene ya shaba iliyochunwa kutoka kwenye kebo, jueni kuna mtu alichoka kubadilisha fyuzi badala ya kutafuta kwa nini zinakatika. Katika nyumba hiyo kitakachoyeyuka kwanza ni waya iliyo ndani ya ukuta. Baadhi ya bodi za fyuzi za zamani pia zina fyuzi mbili kwa kila laini, moja ya moto na moja ya nyutro. Ya nyutro ikikatika peke yake, taa inazimika lakini kishikio cha balbu kinabaki na moto. Bodi ya namna hiyo haina matengenezo, ing'olewe.

Sasa rangi. Nyumba zilizofungwa umeme kwa kanuni za zamani za Kiingereza zina waya nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Za siku hizi ni kahawia, bluu, na kijani yenye mstari wa manjano. Nyumba yenye rangi za aina zote mbili imeongezwa nyaya, na swali ni ziliungwa wapi na nani. Kwenye umeme wa njia tatu hatari ni kubwa zaidi: nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi ya sasa ni moto.

Katika nyumba moja ya Ngamiani niliyoikagua, kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya na sebule inapendeza. Nyuma ya kabati la chumbani palikuwa na soketi ya matundu ya duara, plastiki yake imegeuka kahawia upande mmoja, na hapo pana harufu kama ya samaki aliyechina. Harufu hiyo ni ya plastiki iliyopata joto kupita kiasi. Kutoka kwenye soketi hiyo ilipanda waya nyembamba ya taa, ikapita juu ya dari na kushuka bafuni kulisha shawa ya maji moto. Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24. Sogezeni makabati, ndugu zangu, na pandeni darini. Juu ya dari hakuna anayepaka rangi, kwa hiyo kila kiungo cha tepu kimekaa palepale alipokiacha fundi, na kebo za zamani zilizofunikwa kwa mpira mtaziona zimekauka na kupasuka, hasa karibu na balbu. Msiziguse, kuzigeuza tu kunaumwaga mpira uliobaki.

Macho yakishamaliza, itabaki kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA na vyombo vyake. Dai majibu kwa tarakimu, kwa maandishi: ukinzani wa kinga ya nyaya ukipimwa kwa volti 500, usipungue megaomu moja, ukinzani wa nondo ya ethi, na muda wa RCD kukata, usizidi milisekunde 300. Neno "nzuri" au "safi" kwenye karatasi halina kipimo ndani yake. Kazi hiyo inataka umeme uzimwe kwa saa kadhaa, na ifanyike kabla ya malipo ya awali, wakati mnunuzi bado ana nguvu ya kujadiliana. Muuzaji akikataa kuzima umeme kwa ajili ya vipimo, msitoe fedha.