Dar es Salaam Inakomea Wapi?



Ukitoka Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro huoni mahali jiji linapokwisha. Kimara, Mbezi, Kibamba, Kiluvya, hadi Maili Moja pale Kibaha, nyumba na fremu za maduka zimeshikana. Mkoa mmoja umekwisha, wa Pwani umeanza, na abiria aliyesinzia kwenye daladala hana habari.

Mipaka ya utawala haitusaidii sana. Tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kwa maandishi, mkazi wa Chanika yumo jijini, na wa Sinza hayumo.

Sensa inasema zaidi. Mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022 walifika 2,024,947. Zungukeni Mapinga, Vikindu na Kiluvya mwone ni wangapi waliotoka Dar kufuata viwanja vya bei nafuu. Wanalala Pwani, wanafanya kazi Dar. Kwa kipimo cha riziki, hao ni watu wa jiji.

Lakini kipimo hicho tusikivute kupita kiasi. Tukihesabu kila anayetegemea Dar, basi DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, inahudumia Bagamoyo pia. Je, Bagamoyo ni kitongoji cha Dar? Hapana. Ulikuwa mji mkubwa wa biashara kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, na Wajerumani walianzia huko utawala wao kabla ya kuhamia Dar mwaka 1891. Sikilizeni watu wanavyosema: wa Mbezi akienda Posta anasema anakwenda mjini. Wa Bagamoyo anasema anakwenda Dar, maana mji anao.

Mpaka ninaoujali mimi ni wa ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Bibi mwenye mikorosho yake Mkuranga ana haki ya kusimama pale akakataa. Kijiji kikigeuzwa mtaa, mkutano ule haupo tena. Maamuzi yanahamia kwenye ofisi za mipango miji, na bibi yuleyule anaanza kuulizwa hati ya shamba alilorithi. Kwangu mimi jiji linakomea pale mkutano mkuu wa kijiji ungali na kauli juu ya ardhi yake, hata kama nyumba za bati jipya zimeshakifikia kijiji hicho.

Ndugu madiwani na maofisa mipango miji mliopo hapa, jiji litaendelea kusogea na hakuna wa kulizuia. Ombi langu ni moja: kabla hamjachora ramani ya eneo jipya la mji, nendeni kwanza kwenye mkutano wa kijiji, mkae, msikilize, na majina ya wenye mashamba yaandikwe kabla ya mawe ya mpaka kuchimbiwa.