GARI LA USHIRIKA: TUANGALIE MOSHI KABLA YA KUFUNGUA INJINI



Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa darasani Jumamosi. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa wanavuna viazi. Ambaye bado hajajua kusoma asomewe na jirani yake, asiondoke hivi hivi.

Kama mnavyojua, pikapu yetu imekuwa ikisumbua tangu baridi ilipoanza. Asubuhi haiwaki, na ikiwaka haina nguvu ya kupanda kona 57 kutoka Chimala. Juzi juzi mama mmoja mjamzito aliposhikwa na uchungu usiku, gari lilikataa kabisa, ikabidi ashushwe kwa pikipiki gizani. Alifika salama, lakini jambo hilo halifai kurudiwa. Sasa fundi aliyeitwa anasema injini ifunguliwe yote na pampu ipelekwe mjini. Fedha za kazi hiyo zipo, ila ni zile tulizoweka za mbolea. Aidha kuna maneno ya chini chini kwamba dereva anauza dizeli. Mambo hayo mawili yataamuliwa mkutanoni, na tunataka kila mtu aamue akiwa anajua.

Kwanza tujue dizeli inawakaje. Injini ya petroli ina plagi za kutoa cheche. Ya dizeli haina cheche. Inavuta hewa, inaikandamiza mpaka inabaki kama sehemu moja ya ishirini, na hewa ikikandamizwa hivyo inapata moto mkali. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli haraka haraka anajua, pampu inaunguza mkono. Nozeli inanyunyiza dizeli ndani ya ile hewa, basi inawaka yenyewe. Lakini asubuhi ya Juni huku kwetu, majani yana barafu, chuma kimepoa, betri imepungukiwa nguvu, na oili ni nzito kama uji uliolala. Joto la ile hewa linanyonywa na chuma. Ndiyo maana injini hii ya 3L ina plagi nne za kupasha moto, moja kwa kila silinda, mafundi wanaziita hita plagi. Taa ya njano kwenye dashibodi ikiwaka maana yake zinapasha. Mtu asiye na subira akipiga stata kabla haijazimika, anajitafutia taabu.

Sasa tuje kwenye moshi. Hapa darasa lilichangamka sana.

Ukipiga stata asubuhi, ukaona moshi mweupe kwenye ekzosi wenye harufu kali ya dizeli mbichi, ujue mafuta yanafika ila hayawaki. Pampu isisingiziwe hapo. Tazama hita plagi. Ukipiga stata na hakuna moshi wowote, mafuta hayafiki. Sikiliza kwanza kidude cha kukata mafuta kilicho kwenye pampu: ukifungua swichi kinapaswa kulia "ta". Kisipolia, tafuta waya uliokatika. Kikilia, tafuta maji kwenye filta au upepo kwenye mabomba. Moshi mweusi wakati wa kupanda na mzigo ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo. Moshi wa bluu ni oili inaungua, na huo ndio ugonjwa wa wazee, ringi zimekwisha. Gari letu halitoi moshi wa bluu. Wenye mashaka waje saa kumi na mbili asubuhi waone kwa macho yao.

Moshi wetu wa asubuhi ni mweupe. Basi tulikaa na dereva na kijana anayetengeneza pikipiki, tukapima. Kipimo chenyewe hakina gharama. Unafungua kile kipande cha chuma kinachounganisha hita plagi zote nne. Hilo usilisahau, maana zikiwa zimeungana, moja nzima itazisemea zote. Halafu unachukua balbu ya gari na waya mbili. Waya mmoja unatoka chanya ya betri kwenda kwenye balbu, wa pili unatoka kwenye balbu kugusa kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, plagi ni nzima. Isipowaka, imekatika ndani. Msiguse plagi moja kwa moja na waya wa betri bila balbu, maana nyingine si za volti 12 na zitaungua. Kwetu mbili ziliwasha balbu, mbili hazikuwasha. Nusu ya injini inaamka bila kupashwa moto! Ndiyo sababu hata ikiwaka inatetemeka dakika moja au mbili kabla ya kutulia.

Jambo la pili tuliloliona ni mpira wa mafuta karibu na filta. Umepasuka kidogo, tena haudondoshi sana. Lakini gari likilala, upepo unaingia pale na dizeli inarudi kwenye tanki, asubuhi stata inazunguka bure mpaka betri inachoka. Ukibonyeza pampu ya mkono juu ya filta mara nyingi mpaka iwe ngumu, halafu gari likawaka, ujue ndilo hilo. Mpira tumeshabadilisha.

Kuhusu nguvu, chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi la barabara mpaka limekuwa jekundu. Sasa ile dizeli inayosemwa imeibwa, wengi wetu tumeiona ikitoka nyuma kama moshi mweusi kila kona. Hatusemi dereva asikaguliwe. Tunasema tusimhukumu mtu kwa lita ambazo injini yenyewe imezila bure.

Tena tukubali jambo lingine. Sisi tuko juu ya mita 2,000, na huku hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tarbo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, yaani hapa kwetu kama sehemu moja ya tano imekwenda. Hiyo hakuna fundi wa kuitengeneza. Dawa yake ni kupunguza magunia.

Tumeona pia baadhi yetu wakimwaga petroli kwenye mdomo wa chujio la hewa, wengine wakiwasha moto wa kuni chini ya injini. Hapana, ndugu zangu. Petroli ikikutana na hita plagi yenye moto inaweza kulipuka na kuvunja pistoni. Na kuni chini ya gari lenye mpira unaovuja mafuta, hatuna haja ya kueleza.

Pendekezo letu kwa mkutano ni kununua hita plagi nne, siyo mbili, maana zilizobaki ni za umri uleule, pamoja na filta mbili, ya hewa na ya dizeli, na oili nyepesi zaidi ya hii ya 40 tupu. Ikiwa baada ya hapo moshi mweupe utaendelea, fundi aitwe apime kompresheni kwa geji kupitia tundu la hita plagi. Geji ikionyesha silinda imechoka, tutakubali injini ifunguliwe, na tutazungumza fedha itoke wapi.

Daftari la gari limefunguliwa tangu jana. Kila asubuhi dereva atataja saa aliyowasha, mara ngapi amepiga stata, rangi ya moshi na lita zilizowekwa. Wanakisomo wawili kwa zamu wataandika. Orodha ya zamu iko kwenye mlango wa ghala. Mkutano ni Jumapili saa nane mchana, palepale ghalani.