MAZUNGUMZO JUU YA MASHUA YETU YA ALUMINI
(yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mashua ile iliyolala nyuma ya ghala tunaifufua wenyewe, hapahapa kijijini. Wako wanaosema ni sufuria kuukuu, iuzwe chakavu. Kweli, bati lake ni ndugu wa sufuria, lakini sufuria haimvushi mama mjamzito usiku.

Tusianze na rangi wala lami. Lami huficha tundu tu. Tumeipandisha juu ya magogo, mkuku wote umeegemea. Tutaitia maji NDANI, kimo cha shubiri moja, basi. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mashua iliyojazwa nchi kavu huweza kupinda. Panapovuja, weka alama ya chaki kwa nje. Maji yakishamwagwa, ribiti iliyolegea igongwe: mmoja abane chuma kizito nje, mwenzake agonge ndani, taratibu. Ikikataa, itolewe, itiwe mpya ya alumini.

Jamani, msumari wa shaba hapana! Shaba na alumini zikigusana majini, alumini ndiyo inayoliwa. Hata sarafu ya shaba iliyosahauliwa chini ya mbao yaweza kutoboa bati. Na fundi wa kuchomea mageti tusimwite kwa kazi hii: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, tena haiwi nyekundu kwanza ikamwonya. Utashtukia tundu la ngumi.

Kazi ni Jumamosi, saa 2 asubuhi. Njooni na ndoo, nyundo na chaki. Watoto wakae mbali na magogo.