Mahindi Yenye Kuvu Hayauzwi



Tukisema biashara iwajibike kwa jamii, wengine hucheka: "Mimi nauza gorogoro tatu za mahindi, jamii inanidai nini?" Inakudai uhai. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu ya mahindi, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haionekani kila mara kwa macho, wala haiishi kwa kuchemsha githeri.

Basi tuanike mahindi juu ya turubai, si kwenye udongo. Yakishakauka vizuri, tuyaweke mahali pakavu. Yaliyoota kuvu tusiyachanganye na mazuri.

Lakini tuseme ukweli: mama mwenye karo ya kulipa hatamwaga gunia hivi hivi tu. Hapo ndipo chama kinahitajika. Kila tunapochanga, tutenge kidogo cha kumfidia mwenzetu aliyetupa mahindi mabovu. Hasara tukigawana ni ndogo. Tukimwachia mmoja, itaishia kwa sufuria ya jirani.