Maji ya Mti na Maji ya Nyumba
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya miti iliyo mbele ya nyumba zetu, hapa Kaloleni, Mbotela, Makadara na mitaa mingine iliyo jirani na viwanda. Nitashika jambo moja tu, nalo ni namna ya kuinywesha.

Kupanda mti ni kazi ya asubuhi moja. Kuulea ni kazi ya miaka. Itakumbukwa kwamba tarehe 5 Juni 1977 marehemu Profesa Wangari Maathai na akina mama wenzake waliandamana hadi Kamukunji, wakapanda miti saba ya kuwaenzi viongozi wa zamani. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 2006, alieleza kuwa miwili ndiyo iliyosalia. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwa miti ya sherehe kubwa, je, hii yetu tunayoipanda wakati wa mvua na kuisahau ifikapo Januari?

Udongo wetu si ule mwekundu wa magharibi ya jiji, upitishao maji upesi. Wetu ni mweusi, wa mfinyanzi: ukilowa huvimba na kunata, ukikauka hupasuka nyufa. Maji yakimwagwa kwa haraka hutiririka barabarani, au hupotelea nyufani kabla ya kulowesha mizizi. Kwa hiyo yafaa yatolewe polepole. Twaa mtungi wa plastiki wa lita 20, utoboe tundu dogo chini, uuweke kando ya mche. Maji yatashuka tone kwa tone.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa mti neno hili halifai. Kikombe cha kila siku hulowesha juu tu, na mizizi hubaki hapo juu kuchomwa na jua. Heri mtungi mmoja kwa juma. Mche mchanga upewe mara mbili kwa juma katika mwezi wa kwanza, alfajiri au jioni.

Kabla ya kunywesha, chomeka kidole udongoni. Kikikuta unyevu, ngoja. Mizizi nayo huvuta pumzi, na udongo huu ukijaa maji hukosa hewa, mizizi ikaoza. Hapo majani hugeuka manjano, na mwenye mti, akidhani ni kiu, huzidisha maji.

Mti mkubwa usinyweshwe shinani, bali chini ya ukingo wa matawi yake, ambako ndiko iliko mizizi mingi myembamba inywayo. Tandaza majani makavu unene wa vidole vinne ili kuzuia jua, ila yasiguse shina.

Sasa nafika kwenye jambo zito. Maji ya Nairobi hutoka mbali: bwawa la Sasumua lilimalizika mwaka 1956, na la Ndakaini mwaka 1994; hata hivyo mfereji hutujia kwa zamu. Mama aliyebeba mtungi begani hatuwezi kumwambia aumwage mtini ilhali watoto hawajaoga. Basi mti upewe maji yaliyokwisha kufanya kazi nyumbani: ya kuoshea mboga, na ya suuzo la mwisho la nguo. Povu la kwanza lisitumike, wala maji yenye dawa ya kung'arisha nguo au mafuta, kwa maana chumvi ya sabuni huharibu udongo wa mfinyanzi na kuufanya mgumu zaidi.

Naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, tusipande miti mingi kuliko nyumba zilizo tayari kuinywesha. Kila nyumba ichukue mti mmoja, na kila safu ya nyumba iwe na mzee mwangalizi kwa muda wa miaka miwili. Pili, taarifa yetu ya mwaka isihesabu tena miti iliyopandwa. Ihesabu iliyo hai baada ya kiangazi. Hesabu ya kwanza hutupa sifa, ya pili ndiyo itakayowapa wazee wetu mahali pa kukaa jua likiwa kali.