Bolti Nne za Injini na Nidhamu ya Kujitegemea

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma.)



Katika nchi ya Marekani si ajabu kumkuta mwalimu, mkulima au fundi wa magari akiunda ndege katika banda lililo nyuma ya nyumba yake. Hakuajiriwa na kiwanda chochote. Hununua michoro, mabati, mbao na mabomba, akafanya kazi jioni na siku za mapumziko, pengine kwa miaka mingi. Sheria ya nchi hiyo humruhusu, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na raia wa kawaida kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Mwaka 1953 waundaji wa namna hiyo, chini ya uongozi wa Paul Poberezny, walianzisha chama chao huko Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, na tangu mwaka 1970 mji wa Oshkosh katika jimbo hilo hilo ndio umekuwa mahali pa mkutano wao mkuu.

Katika ndege ya mtu kama huyo kuna kiungo kimoja ambacho abiria hakioni, kwa maana hufunikwa na bodi. Nacho ni fremu ya kubebea injini. Yeyote apendaye kutamka neno kujitegemea angefaidika kwa kukitazama kiungo hicho kwa makini.

Tatizo la mahali pa kuweka injini ni la zamani kama ndege yenyewe. Ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliporuka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903, injini yao ya nguvu za farasi 12 ilikuwa imeundwa na fundi wa karakana yao ya baiskeli, Charlie Taylor. Waliifunga juu ya bawa la chini, upande wa kulia wa rubani. Kwa kuwa injini ilimzidi rubani uzito, bawa la kulia lilifanywa refu kuliko la kushoto kwa sentimita 10 hivi. Watu hao hawakuwa na shahada, lakini walijua kwamba uzito haubembelezwi. Hupimwa, kisha ukatafutiwa mahali pake. Miaka ya baadaye Bernard Pietenpol, fundi wa jimbo la Minnesota, alifunga injini ya gari la Ford katika ndege yake ya mbao, na michoro yake ikachapishwa mwaka 1932 ili watu wa kipato cha chini nao waweze kuunda ndege.

Basi fremu hiyo ni kitu gani? Ni mabomba membamba ya chuma kigumu chenye kromu na molibdeni, yaliyochomelewa yakafanya pembetatu nyingi. Mwalimu wa hesabu anaijua sababu: mraba husukumwa ukapinda, bali pembetatu haibadiliki umbo mpaka mmoja wa upande wake uvunjike au upindike. Kwa nyuma, fremu hufungwa aghalabu kwa bolti nne kwenye ukuta wa kuzuia moto, ambao humtenga rubani na injini. Kwa mbele, injini hushikwa kwa bolti nyingine nne, zikiwa zimezungukwa na mipira ya kupunguza mtetemo.

Kazi ya bolti hizo si ndogo. Injini ya silinda nne inayotumika sana katika ndege za aina hii ina uzito wa kilo 130 hivi. Kipimo cha kawaida cha ndege ndogo ni kustahimili mzigo wa mara 3.8 ya uzito wake. Hivyo katika mgeuko mkali au hewa chafu injini hiyo huwa kana kwamba ina kilo 494. Tena pangaboi huvuta kwenda mbele, na linapozunguka upande mmoja, injini hutaka kujigeuza upande wa pili. Ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, mipigo ya silinda zake ni 5,400 katika dakika hiyo hiyo. Chuma nacho huchoka. Ufa mwembamba kama unywele ukianza pembeni mwa mahali palipochomelewa, kila mpigo huurefusha kidogo.

Na injini ikichomoka angani, mtu asidhani kwamba rubani ataelea kama kishada. Pua ikipoteza uzito, mkia huelemea, kitovu cha uzito hurudi nyuma, na ndege haitawaliki tena. Ndiyo maana uhai wa watu huwa umefungwa kwenye bolti zile nne.

Sasa ndugu wasikilizaji wamfikirie muundaji katika siku aliyoingojea kwa miaka. Fremu imeinuliwa mpaka kwenye ukuta. Bolti tatu zimeingia vizuri. Ya nne inagoma, kwa kuwa tundu limepishana na mwenzake kwa unene wa ukucha. Jirani wamekuja kutazama. Nyundo iko karibu, na keekee ya kupanua tundu iko karibu zaidi. Akipiga nyundo, bolti itaingia, na hakuna atakayejua. Lakini fremu iliyolazimishwa hubaki na mkazo ndani yake hata ndege ikiwa imelala bandani, na tundu lililopanuliwa huiacha bolti ichezecheze mpaka ijimalize. Muundaji mwadilifu huishusha fremu. Huipima upya dhidi ya mchoro, na ikibidi humrudishia mchomeleaji wake ili irekebishwe ndani ya kishikio maalumu. Siku imepotea, majirani wameondoka wakicheka, lakini kazi imesimama katika haki yake.

Hata bolti zote zikiingia, bado kuna mambo ya kuangalia. Urefu wa bolti lazima uchaguliwe ili sehemu laini ndiyo ibebe mzigo ndani ya tundu, wala si sehemu yenye nyuzi. Nati yenye plastiki ya kujikaza haifai karibu na joto la injini; hutumika nati ya chuma au ile inayofungwa kwa pini. Kukaza kwenyewe hufanywa kwa spana ya kipimo, si kwa nguvu za bega. Mipira nayo haifanani yote: ipo migumu na milaini, na mpangilio wake wa juu si ule wa chini. Kisha kuna waya mnene wa kuunganisha injini na bodi, ambao wengi huusahau. Mpira haupitishi umeme. Waya huo ukikosekana, umeme wa kuwashia injini hujitafutia njia katika kebo za usukani wa mafuta na kuziunguza.

Baada ya hayo huja mkaguzi, na baada ya mkaguzi huja saa za majaribio, kwa desturi 25 au 40, ambazo ndege hurushwa bila abiria na mbali na makazi ya watu. Fremu hupakwa rangi nyeupe au nyingine isiyokoza ili ufa uonekane mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mrushaji wa ndege hakuna nafasi ya kujenga ukuta.

Mambo haya ya Wisconsin na Minnesota yana maana gani kwa mtumishi wa Tanzania? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihimiza siasa ya kujitegemea, na mwaka huo huo Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, ili shule ziunganishe kitabu na kazi za mikono. Wapo waliolielewa neno hilo kana kwamba mtu anayejifanyia kazi mwenyewe amesamehewa vipimo. La hasha! Anayenunua kitu kilichokwisha kutengenezwa huweza kumlaumu mtengenezaji. Anayejitengenezea hana wa kumlaumu, na kwa sababu hiyo anahitaji kipimo kikali zaidi, na jicho la mwingine juu ya kazi yake.

Mwalimu wa ufundi anayempa alama mwanafunzi kwa kiungo kilichopigwa nyundo kikaingia, amemfundisha nyundo, hakumfundisha ufundi. Mtumishi anayetia saini kwamba daraja limekaguliwa, ilhali hakushuka kwenye gari, amepanua tundu la bolti ya nne. Makosa hayo hayaonekani siku ya sherehe. Huonekana siku ya mzigo, na siku hiyo anayeanguka mara nyingi si yule aliyetia saini.

Taifa linalotaka kuunda vitu vyake lenyewe halina budi kuwaheshimu watu wenye ujasiri wa kuishusha fremu na kuanza upya mbele ya majirani wanaocheka.